Nguvu za machimboni hazitoshi mlimani: somo la hewa kabla hujapanda Kili

Wadau, swali hili halikosi kila inapopita picha ya mtu kasimama pale kwenye ubao wa kilele cha Uhuru: "Hivi sisi tuliozoea kutoa viroba vya mawe chini ya duara, huo mlima si tunaumaliza kwa siku mbili tu?"

Jibu fupi ni hapana. Tena ukijaribu unaweza kushushwa kwa machela, au usishuke kabisa. Jibu refu ndilo nataka tulijadili leo, maana watu wengi wanauongelea mlima kama vile ni mashindano ya misuli. Misuli inasaidia, lakini inayoamua ni hewa.

GEITA NA KILI WANAJUANA

Kwa watu wa Geita, Kilimanjaro sio habari ngeni. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge, safari ya kupanda mlima kwa ajili ya kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS). Wengine wanapanda kwa miguu, wengine kwa baiskeli. Kwa hiyo lile wazo kwamba mlima ni mambo ya Wazungu na Wachagga peke yao lilishakufa zamani huku Kanda ya Ziwa.

Tofauti ni kwamba wale wanaoenda kwenye msafara mkubwa wanapangiwa kila kitu: daktari, waongozaji, ratiba. Wewe unayetaka kwenda na washkaji wako watatu kwa hela mliyochanga, nani kakueleza mwili wako utafanywa nini kule juu? Hapo ndipo penye kasheshe.

CHINI YA DUARA NA JUU YA MLIMA

Tuanze na kitu tunachokijua. Yeyote aliyewahi kushuka kwenye duara refu anaijua hewa nzito. Ukikaa chini muda mrefu kichwa kinauma, miguu inalegea, unajisikia usingizi wa ajabu. Ndiyo maana juu ya shimo inafungwa mashine ya kupuliza hewa na mrija mrefu wa nailoni unashushwa mpaka chini. Kule chini oksijeni inaliwa na watu, na mahali pake panajaa hewa mbaya, hasa moshi wa baruti na moshi wa injini za pampu. Wachimbaji wengi wamepotea hivyo.

Mlimani shida ni nyingine. Hewa ya Kilimanjaro ni safi kabisa, na sehemu yake iliyo oksijeni ni ileile ya Kahama, Geita au Zanzibar, yaani kama asilimia 21. Kilichopungua ni hewa yenyewe.

Chukua mfano wa pamba, sisi si ndio wenye pamba. Ingia kwenye ghala msimu wa ununuzi uone lundo limefika darini. Pamba ya chini kabisa imekandamizwa na uzito wa yote iliyo juu yake, imeshikana kama tofali. Ya juu imetawanyika, nyepesi, inapepea. Ukichota gao moja chini na gao moja juu, ni pamba ileile, lakini la chini lina pamba nyingi zaidi. Hewa nayo iko hivyohivyo. Sisi tunaishi chini ya lundo. Ukipanda mlima unaelekea juu ya lundo, na kila pumzi unayovuta ni gao lililopepea.

Sasa tuweke namba. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Shinyanga mjini hapajatofautiana sana na hapo. Miili yetu imezoea hapo. Ukifika Horombo kwenye njia ya Marangu, mita 3,720, kila pumzi ina chini kidogo ya theluthi mbili ya hewa anayovuta mtu wa pwani. Kibo, kwenye kibanda cha mwisho, mita 4,720, ni zaidi kidogo ya nusu. Pale Uhuru, mita 5,895, ni kama nusu tu. Yaani unavuta pumzi mbili kupata kile ambacho mtu wa Tanga anakipata kwa pumzi moja. Na hapo hujakaa kijiweni, unapanda kilima usiku kwenye baridi.

MWILI UNAFANYA NINI

Mwili sio mjinga. Ukiona hewa imepungua unajipanga. Saa za mwanzo unapumua haraka na moyo unaenda mbio. Siku ya kwanza na ya pili figo zinarekebisha damu, ndiyo maana mtu mlimani anakojoa sana, usishangae. Baada ya siku nyingi zaidi, hata wiki, mwili unaongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni.

Angalieni hapo: saa, siku, wiki. Hakuna sehemu niliyoandika "misuli". Kazi ya kuzoea hewa nyembamba inafanywa na mapafu, damu na figo, na inataka muda. Mtu anayebeba kiroba cha kilo 50 hana figo zenye kasi kuliko za karani wa benki.

Tena mwenye nguvu ana hatari yake ya pekee. Mtu dhaifu akifika kilomita ya tatu keshachoka, anapunguza mwendo, anapumzika, anatembea kama kinyonga. Mwili wake unapata muda. Mwenye nguvu miguu haimsumbui, kwa hiyo anakwenda mbio, anawapita wenzake, anafika kambini saa mbili kabla yao na kuwacheka. Jioni kichwa kinaanza kumgonga. Anaona aibu kusema, maana yeye ndiye aliyekuwa anatamba. Kesho yake anapanda tena. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa mlimani, wakiwa wazima na vifua vipana.

Ule wimbo wa waongozaji wa "pole pole" sio wa kuburudisha watalii. Ni dawa.

HESABU YA KULALA

Kuna kanuni moja wanayoitumia madaktari wa milimani duniani kote: ukishavuka mita 3,000, usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Sikiliza vizuri, ni kitanda. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukarudi kulala chini, hiyo inasaidia mwili kuzoea.

Haya, pigeni hesabu ya Marangu, ile njia ya vibanda. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Kila siku kitanda kinapanda mita 1,000! Hiyo ni mara mbili ya kanuni. Ndiyo maana watu wanaojua wanalala Horombo siku mbili: siku ya katikati wanatembea kuelekea Mawenzi, wanapita kwenye Miamba ya Pundamilia yenye mistari myeupe na myeusi, halafu wanarudi kulala palepale. Siku hiyo moja ya ziada ndiyo ya kwanza kukatwa pale watu wanapobana matumizi. Mimi nasema kateni kitu kingine chochote, hata mchango wa sherehe ya kurudi, siku hiyo muiache.

DALILI: HIZI ZIKARIRI

Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuanzia kama mita 2,500. Mwanzo wake unafanana na hangover au malaria changa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu. Ukiwa hivyo usipande zaidi. Kaa hapohapo, kunywa maji, mwambie mwongozaji. Ikitulia mnaendelea, isipotulia shuka.

Kuna hatua mbili mbaya zaidi, na hizi hazina mjadala.

Ya kwanza ni maji kujaa kwenye mapafu. Mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine povu lenye rangi ya damu, midomo inageuka rangi.

Ya pili ni ubongo kuvimba. Mtu anaongea vitu visivyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi. Kipimo chake ni rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hiyo sio uchovu.

Kwa zote mbili dawa ya kwanza ni moja: SHUKA. Sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama kilele mnakiona kwa macho. Asishuke peke yake na asiachwe alale "mpaka asubuhi tuone". Kuna mtu atasubiri asubuhi ambayo haitafika.

Kuna vidonge vya acetazolamide ambavyo vinausaidia mwili kuzoea haraka. Muone daktari kabla ya safari, usimeze tu kwa sababu mshkaji kakugawia. Na vidonge havimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Pombe na dawa za usingizi achaneni navyo kule juu, vinapunguza kupumua wakati umelala.

MAPAFU YETU NA DAMU YETU

Hapa naomba tusomane vizuri, maana kwenye vitabu vya watalii hutayakuta.

La kwanza ni vumbi. Huku kwetu vijana wengi wamefanya kazi kwenye makarasha na kwenye kutoboa mwamba bila kinga yoyote, zaidi ya kitambaa puani. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, na silika ikikaa kwenye mapafu inaweka makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na mwenye nao anapata kifua kikuu kirahisi kuliko wengine. Mtu anaweza kuwa na makovu hayo na huku chini akaona yuko fiti tu. Kule juu, ambako kila pumzi ni nusu, ile akiba iliyoliwa na vumbi ndiyo unayoihitaji. Kama umefanya kazi za vumbi miaka kadhaa, au una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kapime kifua kabla hata ya kuuliza bei ya safari. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu kwenye hospitali za serikali ni bure. Hapohapo Siha, chini ya mlima wenyewe, ipo Hospitali ya Kibong'oto inayojulikana nchi nzima kwa kutibu kifua kikuu. Mtu wa machimboni afadhali aanzie huko kuliko kuishia huko.

La pili ni damu. Kanda ya Ziwa ni moja ya sehemu za nchi zenye sikoseli kwa wingi. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande mlima mrefu kabisa, hewa nyembamba inaweza kumletea maumivu makali na kumuua. Lakini kuna kundi jingine, wale waliorithi kinasaba kimoja tu. Hawa hawaumwi, wengi hata hawajijui. Kwenye mwinuko mkubwa baadhi yao damu inashindwa kupita vizuri kwenye wengu. Dalili ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Kama kwenu kuna ndugu mwenye sikoseli, pima damu kwanza, ongea na daktari. Na ukisikia maumivu hayo mlimani usijipe moyo kwamba ni ugali wa jana. Shuka.

UANZIE WAPI BASI

Usianze na Kili. Anza nyumbani.

Huku tuna vilima vya kutosha: miamba ya Shinyanga na vile vilima vinavyouzunguka mji wa Geita. Havina hewa nyembamba, lakini vinakupa miguu, vinakufundisha viatu vyako vinauma wapi, na jioni ukikaa juu ya jiwe ukaona tambarare yote imelala chini na moshi wa majiko ya watu, utaelewa kwa nini binadamu anapenda kupanda. Fanya hivyo kila wiki kwa miezi miwili, na mkoba wenye mzigo mgongoni.

Tahadhari ya huku haihusu hewa, inahusu mashimo. Vilima vyetu vingi vimechimbwa tangu zamani, na maduara ya zamani yameachwa wazi, nyasi zimefunika mdomo. Tembeeni kwenye njia inayotumika na wanakijiji, mwulizeni mwenyeji, msitembee gizani. Na kilima kilicho ndani ya leseni ya mgodi hakipandwi. Pana ulipuaji na pana walinzi. Picha haina thamani hiyo.

Watu wa Geita sasa hivi hata Mwanza ni jirani zaidi, tangu daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 habari ya kungoja kivuko imebaki hadithi. Asubuhi unatoka, mchana uko juu ya miamba ya Mwanza unaangalia ziwa.

Hatua ya pili ni Hanang, mlima wa volkano wenye mita 3,417, pale Katesh mkoani Manyara. Kwa mtu wa Shinyanga ndio mlima mkubwa ulio njiani: unapita Nzega, Igunga, unavuka bonde la Wembere, unapanda ule mlima wa Sekenke ambao kila abiria wa basi la Dar anaujua, unafika Singida, halafu unachepuka kuelekea Babati. Watu wengi wanaupanda na kushuka kwa siku moja ndefu, wengine wanalala njiani. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo unapita kwa utaratibu, unalipa kibali na unachukua mwongozaji wa pale. Juu unaliona ziwa Balangida na bonde la ufa limenyooka. Na hapo ndipo utakapojua mwili wako unaichukuliaje hewa nyembamba, kwa gharama ndogo na ukiwa karibu na barabara.

Ila Hanang sio wa mchezo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, kipande cha mlima kilimeguka na tope likashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Ukipita pale, pita kwa heshima, maana unatembea kwenye kaburi la watu. Na usipande msimu wa masika au wa mvua za mwisho wa mwaka. Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni mpaka Oktoba. Hata kwa Kili ni hivyohivyo.

Hatua ya tatu ndiyo Kili yenyewe. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni kutoka nje. Kinachokula hela ni mwongozaji, wapagazi, chakula na kukodi vifaa. Bila mwongozaji huruhusiwi kupanda, na usitafute njia ya panya, huyo ndiye atakayekugundua unayumba. Usibane mavazi pia: usiku wa kileleni baridi inashuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 za barafu, na jaketi la pikipiki halitoshi. Mnaondoka Kibo karibu saa sita usiku, mnapanda kokoto kwa tochi, na mambo yakienda sawa jua linawakuta kwenye ukingo wa kreta, karibu mita 5,700. Linachomoza nyuma ya Mawenzi, mawingu yote yako chini yenu. Barafu mtakayoiona ni mabaki, zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha yeyuka.

Kama shida yako ni kuonyesha kijiweni, TTCL ilifikisha intaneti ya kasi mpaka Horombo tangu Agosti 2022. Piga picha ya Horombo, rusha, inatosha kabisa. Tayari uko juu kuliko kilele cha Hanang.

KUGEUZA SIO AIBU

Mwisho nikumbushe kitu. Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kufika kileleni kwa mara ya kwanza mwaka 1889, mwaka 1887 alijaribu akashindwa akageuza. Kama asingegeuza asingekuwa na mwaka 1889.

Machimboni tunafundishana kukomaa: dhahabu haipo leo, ipo kesho, chimba. Mlimani hulka hiyohiyo inaua. Kule mwanaume, na mwanamke vilevile, ni yule anayemwambia mwenzake "kichwa kinaniuma, tushuke" wakati kilele anakiona. Mlima hauhami. Utaukuta mwakani.

Waliowahi kupanda, iwe Hanang, Meru au Kili, tupeni uzoefu hapo chini kwenye maoni, hasa waliogeuza njiani. Hao ndio wenye somo. Na wale wanaobisha kwamba wataumaliza kwa siku mbili, karibuni tubishane, lakini kapimeni kifua kwanza.